Mlango wa Sikio

Yafaa Mwislamu ajue kuwa katika kila funda la mate alimezalo mna neema asiyoiona.

Mwezi wa Novemba 1861 Mwingereza John Speke, pamoja na wapagazi na askari wa pwani, alifika Karagwe kwa mfalme Rumanyika. Mgeni huyo alikwisha kupatwa na msiba wa sikio. Mwaka 1858, katika Ziwa Tanganyika, mdudu alimwingia sikioni usiku. Akamchokoa kwa kisu kidogo, akajijeruhi. Baadaye, kila alipopenga kamasi, sikio lilipiga mluzi hatta watu wakacheka. Alidhani uvimbe uliofuata ndio uliotoboa njia baina ya sikio na pua.

La! Njia hiyo kila mwanadamu huzaliwa nayo. Kilichotoboka, kwa dalili ya mluzi ule, ni kiwambo cha sikio.

Nyuma ya kiwambo pana chumba kidogo chenye hewa, na humo wateremka mrija, kadiri ya sentimita 3 na nusu, hatta nyuma ya pua. Desturi yake ni kufungika. Mtu amezapo mate au apigapo miayo, msuli wa kaakaa huuvuta ukafunguka chini ya sekunde moja, hewa ikapita, kisha ukajifunga. Lau ungalikaa wazi daima, mtu angalisikia pumzi zake zikimvumia kichwani. Na usipofunguka kabisa, mwili huinyonya hewa ya chumbani, na kiwambo kikavutwa ndani.

Atokaye Tanga akapanda vilima vya Karagwe na Kyerwa, vipitavyo mita 1,500, hukuta hewa nyepesi; masikio humziba, naye akimeza mate huzibuka. Hilo ni jambo dogo.

Kubwa ni la watoto. Mrija wao ni mfupi, tena umelala. Mafua huuziba upesi, na maji yakakusanyika nyuma ya kiwambo. Pengine mtoto haumwi wala hatoki usaha, illa hasikii vema. Chuoni huitwa asiitike, husomewa akakosea herufi, akapigwa kwa ukaidi asiokuwa nao! Baba amwonaye mwanawe akiuliza “Nini?” mara kwa mara, asimchokoe sikio wala asimtie mafuta; ampeleke kwa tabibu, na mwalimu aombwe amkalishe mbele, karibu naye.