Jembe Lisilojificha

Mwaka 1927 mwanafalsafa wa Ujerumani, Martin Heidegger, alitoa kitabu kigumu ambamo nyundo inapewa heshima kubwa. Chombo cha kazi, anasema, kikiwa mkononi mwa mtu anayekijua, hakionekani. Fundi anayepigilia misumari haiwazi nyundo, anauwaza mlango. Nyundo hujitokeza mpini unapokatika, au inapotafutwa ikakosekana. Hapo ndipo fundi husimama akaitazama.

Aliyewahi kulima anajua kuna ukweli hapo. Lakini hoja hii ukiifikisha Bariadi, kwenye mashamba ya pamba na mtama ya Wasukuma, inaanza kuchechemea. Jembe la huko, igembe kwa Kisukuma, halina haya ya namna hiyo.

Chukua bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ya kucheza na majembe. Wachezaji hushika majembe, huyarusha juu, huyazungusha na kuyadaka, miguu ikifuata ngoma. Wageni wanaoiona pale Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma karibu na Mwanza, hudhani ni sarakasi. Asili yake ni shambani. Vijana, basumba, wakiongozwa na nsumba ntale wao, walikwenda kulima shamba la mtu kwa mstari mmoja, wakiimba na ngoma ikiwasukuma, mwenye shamba akawaandalia chakula. Nyimbo za kazi hizo ni nyingi kiasi kwamba Frank Gunderson, mtafiti wa muziki kutoka Marekani, amezijazia kitabu kinene. Sasa tazama mstari ule kwa jicho la kifalsafa: jembe ni zima, mpini haujakatika, liko mkononi mwa anayelijua vizuri kabisa, na bado ndilo linaloonekana kuliko kitu kingine chochote shambani. Kijana analirusha ili lionekane, naye aonekane nalo.

Naona Heidegger alikosea mahali padogo lakini pa maana. Fundi wake yuko peke yake karakanani. Hana mwenzake upande wa kulia anayemzidi mbio, wala binti wa jirani anayetazama kutoka kwenye kivuli. Uzima au ubovu wa chombo haumalizi swali la kuonekana kwake. Kuna pia swali la nani yupo anatazama.

Ukanda huu umelipa jembe maisha mengine pia. Katika karne ya 19 majembe ya chuma, mengi yakifuliwa na wahunzi Warongo upande wa Geita, yalizunguka Usukuma na Unyamwezi kama fedha, na yaliingia katika mahari. Jembe la mahari halijagusa udongo. Je, ni jembe? Aristotle aliwahi kusema kiatu kina matumizi mawili, kuvaliwa na kubadilishwa kwa kitu kingine, na kwamba hilo la pili si lake hasa. Mimi nasitasita hapo. Jembe lilipokelewa kwa sababu lingeweza kulima kesho yake. Sidhani kama kuna mkwe ambaye angekubali la bati. Kulima kulikuwa ndani ya malipo, kama ahadi.

Ya siasa nayapita haraka: jembe limo kwenye nembo ya taifa, na tangu 1977 limo pamoja na nyundo kwenye bendera ya CCM. Mtaani nako, mchapakazi huitwa jembe, hata kama hajawahi kushika mpini maishani mwake.

Kisha likaja plau. Pamba ilipotanuka Usukumani katika karne ya 20, na ng'ombe wa kukokota walikuwepo tele, kazi ya kupindua ardhi ilihama kutoka kwenye mstari wa vijana ikaenda kwa jozi ya maksai na watu wawili watatu. Ngoma ikahamia jukwaani. Jembe la mkono halikuondoka shambani, ila lilipewa kazi nyingine, palizi. Pamba hupandwa kuanzia Novemba, na magugu huja na mvua, mara ya kwanza, mara ya pili, na zaidi. Hapo plau husaidia kidogo. Mara nyingi anayeinama ni mwanamke, pamoja na watoto wake, na sijasikia ngoma iliyotungwa kwa ajili ya palizi ya tatu.

Mwaka 2015 Umoja wa Afrika ulianzisha kampeni ya kulipeleka jembe la mkono makumbusho. Nia ni njema, na migongo ya watu inaihitaji. Nauliza tu ni jembe lipi, maana lile la kurushwa juu liko Bujora tayari. Lililobaki ni la palizi, huko Itilima na Meatu, na hilo ndilo hatimaye linalofanana na nyundo ya Heidegger: zima, kazini, halionekani. Ila sababu ni tofauti. Fundi wake hakuiona nyundo kwa kuwa alizama kwenye mlango. Mama wa palizi analiona jembe lake vizuri sana, kila linapomtoa malengelenge. Wasioliona ni wengine, waliosimama kwenye mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, siku pamba inapopimwa, ambapo kilo huandikwa kwa jina la mwenye shamba na daftari halina mahali pa kuandika palizi.