Saa Saba Hadi Guangzhou

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata mzigo China wana hesabu hii kichwani. Dar es Salaam hadi Dubai ni kilomita kama 4,000, saa tano na nusu hivi angani. Dubai hadi Guangzhou ni kilomita kama 5,800, saa saba na ushee. Saa za China ziko mbele ya zetu kwa tano, kwa hiyo mtu anajua agenti wake apigiwe muda gani. Msikilize mtu wa Mtaa wa Kongo akikuelekeza masoko ya Guangzhou, utadhani anakuelekeza Ilala.

Kitu kikishakuwa rahisi kufikiwa, je, kimekuwa karibu?

Mwaka 1972 Peter Singer alijenga hoja ambayo kwenye semina hatuchoki kubishania: kama unaweza kuzuia baya kubwa bila kupoteza jambo lenye uzito sawa, umbali wa anayeteseka si udhuru. Mtoto anayezama bwawani mbele yako na mwenye njaa nchi ya mbali wanakudai sawasawa. Hoja nzuri, na siipingi. Ila inachukulia kwamba aliye pembeni yetu tayari tunamwona, na hapo ndipo ninapokwama.

Tazama mzigo wenyewe. Unakaa baharini wiki kadhaa, unatolewa bandarini, kisha hatua mia mbili za mwisho unabebwa na kuli. Mwenye duka anajua jina la agenti wa Guangzhou, na pengine la mtoto wa agenti. Kuli anaitwa "we mkokoteni". (Kwa Kiswahili "karibu" ni neno la umbali na ni neno la kumkaribisha mtu. Kuli yuko karibu kwa maana ya kwanza tu.)

Na jina la Kariakoo limetoka wapi? Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliotumiwa na Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waafrika wengi mno walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu wakibeba mizigo ya jeshi. Neno tumelitohoa vizuri sana. Jaribu kutaja jina la mpagazi mmoja.

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo. Uokoaji ulichukua siku kadhaa. Kati ya waliosimama barabarani na waliofukiwa palikuwa na mita chache za zege, na kwa muda huohuo mtu angeweza kwenda Guangzhou na kurudi. Utaniambia huo ni ugumu wa kiufundi, maadili hayamo. Sikubali. Nguzo hukaguliwa, au hazikaguliwi, na watu wa jiji hilihili, na wanaofanya kazi chini yake ama wanahesabiwa ama hawahesabiwi, muda mrefu kabla zege halijaanguka.

Juzi nilimuuliza mzee mmoja wa mkokoteni, "Shikamoo mzee, unatokea wapi?"

"Marahaba. Kigamboni, mwanangu. Hapo ng'ambo tu."

Pantoni ya kwenda Magogoni huvuka kwa dakika chache. Lakini yeye hutoka kwake kabla ya adhana ya alfajiri, anasubiri kivuko, halafu kutoka Magogoni anatembea hadi Kariakoo ili nauli ya daladala ibaki mfukoni. Nilimuuliza inamchukua muda gani. Akasema hajawahi kupima, saa yake iliharibika zamani.