Jirani wa Kuchaguliwa

Msomaji kijana, je, mtu aweza kuwa na hatia kwa madhara yaliyofanywa na mwingine, hali mtendaji mwenyewe hana ubaya? Swali hili ni zito, lakini samaki mdogo aweza kutusaidia kulijibu.

Katika Ziwa Tanganyika yumo samaki wa jamaa ya ngege ambaye urefu wake haupiti sana sentimita 5. Wataalamu humwita Neolamprologus multifasciatus. Nyumba yake ni gamba tupu la konokono. Humo hulala, humo hujificha, na humo jike hutaga mayai yake. Watu wa nchi nyingi humfuga katika masanduku ya kioo, wakitamani kuona kizazi chake kikiongezeka. Mfugaji humwekea mchanga na magamba. Kisha hufikia mtihani mkubwa, nao ni kumchagulia majirani.

Wengi huuliza, "Samaki gani ni mpole?" Swali hilo halitoshi. Ngogo ni mpole mchana. Hafukuzi wala hapigani. Lakini usiku hutoka kutafuta riziki, na kwake yai au kitoto cha samaki ni chakula kama kingine. Hana chuki wala hila, ana njaa. Kwa hiyo mfugaji mwenye busara huuliza: Huyu hukaa wapi? Hula nini? Huamka wakati gani? Pengine humchagua Cyprichromis leptosoma, ambaye huogelea maji ya juu na kula vidudu vieleavyo, asigombee mchanga na mwenye gamba. Tena huacha nafasi, maana hata mwenye gamba, mdogo jinsi alivyo, humshambulia amkaribiaye mlangoni.

Labda utasema, "Hata ziwani ngogo wamo, na samaki hawa hawakwisha." Ni kweli. Lakini ziwa ni pana, na anayeonewa hapa aweza kuhamia kule. Katika sanduku ziko kuta nne tu. Aliyejenga kuta ameondoa kimbilio, na aliyeondoa kimbilio amejitwika ulinzi. Mayai yakiliwa, tusimlaumu ngogo, tumwulize aliyemtia.

Usidhani kuwa neno hili ni la mchezo. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 watu walimtia sangara, ambaye wengi wetu humwita mbuta, katika Ziwa Viktoria. Miaka ya 1980 alizidi mno, na aina nyingi za furu, nao ni jamaa ya ngege, zikatoweka. Kuchafuka kwa maji nako kulichangia. Sangara alileta biashara kubwa, na faida hiyo haikataliki. Wala hakukosa, kwa kuwa alikula kama sangara wote walavyo. Waliochagua ni watu, na furu hawakuwa na ziwa jingine la kukimbilia.

Nawe kesho huenda ukawa kiranja, ukapewa kazi ya kupanga vitanda bwenini. Mgeni wa kidato cha kwanza hawezi kurudi kwao usiku. Usiulize tu kama jirani yake ni mtu mwema; uliza atamfanyia nini taa zikizimwa. Akidhurika, haitakufaa kusema, "Sikumgusa mimi." Hukumgusa, lakini ulimchagulia jirani, na uchaguzi ni tendo.