Video Iliyofutwa

Dogo alifika ofisini kwetu Engutoto Jumatatu asubuhi, laptop begani, siku yake ya kwanza. Tulikuwa watatu tukitengeneza mfumo wa kampuni moja ya watalii. Kazi yake ilikuwa nyepesi: ashushe repo, ghala la misimbo yetu, aisome, tuanze. Saa saba mchana alikuwa bado anashusha.

"Kaka, bando limekata tena."

Lilikuwa la pili. Git, programu inayotunza misimbo, ina tabia ya kuudhi: ukiwa unashusha repo nzima, mtandao ukakatika kwenye asilimia 80, huendelei ulipoishia. Unaanza sifuri. Mtandao ukirudi, MB zimeshakwenda na maji.

Nikamnunulia la tatu, kisha nikachungulia laptop yangu. Mafaili ya mfumo wenyewe: MB 38. Folda iliyojificha, .git: GB 1.7.

Humo ndimo historia yote inamokaa. Tangu Linus Torvalds aiunde Git mwaka 2005, kila mtu hubeba nakala kamili, ili seva ikifa kazi isife nayo. Misimbo ni maandishi, hubanwa ikawa kitu kidogo sana. Video haibaniki hivyo. Ukiihariri mara 6, nakala zote zinakaa.

Kilichoijaza .git yetu ni video, na mwenye video alikuwa mwenzetu. Mwaka uliopita alitaka Mlima Meru uonekane ukurasa wa mbele. GitHub, tunakoweka repo, haipokei faili linalozidi MB 100, basi akaikata vipande vya MB 90, nasi (aibu yetu) tukamsifu kwa ujanja. Baadaye mteja hakuipenda.

"Si niliifuta mwenyewe?" akaniuliza kwenye simu.

Aliifuta kwenye folda. Kwenye historia ilibaki, kama deni ulilolisahau huku daftari la Mangi likiwa na jina lako.

Dogo tulimwokoa kwa git clone --depth 1, inayoleta hali ya leo tu bila ya jana. Chai haikupoa. Usiku nikaisafisha historia kwa git filter-repo, repo ikashuka hadi MB 45, nikawaandikia wote: futeni nakala zenu, shusheni upya.

Mwenye video alikuwa msibani, ujumbe hakuuona. Alhamisi akapandisha tawi jipya kutoka nakala yake ya zamani.

Ijumaa nikavuta mabadiliko, nikitarajia mistari michache. Namba ikaanza kupanda: MB 60, MB 200, MB 410. Nikachomoa modemu.