Puto Lisilokuwamo Kitabuni
Juzi, katika boti ya alfajiri iendayo Unguja, kijana aliyeketi ubavuni pangu alikuwa akitazama, katika simu iliyopasuka kioo, ile filamu ya mwaka 1956 iliyotokana na riwaya ya Jules Verne, Mfaransa aliyesimulia habari za bwana mmoja wa London aliyewekeana dau na wenzake kwamba ataizunguka dunia kwa siku 80. Puto lilipopaa juu ya milima, kijana akatabasamu. Nami, kwa kuhofia kumharibia starehe yake, nikanyamaza, ingawa kitabuni msafiri yule hapandi puto hata mara moja. Wallahi, hata mimi nalipenda. Mnara wa taa wa kisiwa cha Chumbe ukapita dirishani, wala hapana aliyeinua macho.