Siku ya 16: Watoto waliokuwa wakicheza mazishi

Leo nataka kueleza kosa langu mwenyewe, maana limeniachia swali ambalo mpaka leo sijalimaliza: mtoto asiyeweza kusema kilichomo moyoni mwake, ana haki gani juu yetu?

Ni miaka kadhaa sasa. Nilikuwa nasomesha madrasa hapa kwetu Tanga, darasa la wadogo. Siku moja baada ya Alasiri nikawakuta wanafunzi wangu nyuma ya madrasa, chini ya mwembe. Wamekata kipande cha mgomba, wamekivisha kanga kuukuu, wanne wamekibeba mabegani na wengine wanafuata nyuma wakitaja shahada. Pembeni wamechimba kishimo mchangani. Aliyewaongoza alikuwa mtoto wa miaka sita, ambaye baba yake tulimzika wiki tatu nyuma.

Mimi nikaona dhihaka. Nikauliza, "Mnachezea mauti?" Nikawachapa wote, na yule kiongozi wao nikamwongezea. Wallahi niliamini natia adabu. Nimesoma madrasa, nina stashahada ya ualimu, na bado sikuona kilichokuwa mbele ya macho yangu.

Mtoto hakulia. Ila kuanzia siku ile hakucheza tena. Wenzake wakicheza kombolela, yeye amekaa ukutani. Akaanza kukojoa kitandani, na herufi alizokuwa anazijua zikampotea. Mama yake alikuwa bado yuko eda, kwa hiyo shangazi ndiye aliyemfikisha kwa afisa ustawi wa jamii, na kutoka hapo wakaelekezwa kwa mama mmoja mshauri aliyesomea kuwasaidia watoto kwa njia ya mchezo. Yule mama aliniita. Nilijiandaa kugombezwa. Hakunigombeza, aliniuliza tu: "Ustadh, kwani ulitaka asemeje?"

Nimelifikiria sana swali hilo. Tukifiwa sisi watu wazima tuna maneno. Tunakaa matangani, tunahadithia ugonjwa wa marehemu tangu siku ya kwanza hadi pumzi ya mwisho, na kila mgeni akija tunaanza upya. Kule kurudiarudia ndiko kunakotupoza. Mtoto wa miaka sita maneno hayo hana. Siku ya msiba alipelekwa nyumba ya jirani eti asione, lakini dirishani aliona watu wamebeba kitu mabegani, wakaondoka nacho, wakarudi mikono mitupu. Basi alipopata mgomba na kanga alikuwa anahadithia, kama mama yake alivyokuwa anahadithia ndani. Tofauti ni kwamba mama alipata wageni wa kumsikiliza. Yeye alikuja mgeni mmoja, na alikuja na bakora.

Baadaye nikajisomea. Mwaka 1947 mwanamke wa Marekani, Virginia Axline, aliandika kitabu kuhusu tiba hii. Msingi wake ni kwamba mtu mzima anakaa chumbani na mtoto, kuna wanasesere, wanyama wadogo, mchanga, rangi, na mtoto ndiye anayeongoza. Mtu mzima hamharakishi, hamsahihishi, hamhoji. Anamwonyesha tu kwamba ameona na ameelewa: "Unamfunika vizuri asipate baridi." Basi. Kwa mwalimu kama mimi hilo ni gumu kuliko funga, maana ulimi umezoea kufundisha.

Najua wapo watakaosema haya mambo ya Wazungu yanatuhusu nini, na mchezo ni upuuzi, tena mwezi wenyewe huu. Turudi kwa Mtume wetu (s.a.w.). Anas bin Malik alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Abu Umayr, mtoto mdogo tu, aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Kindege kikafa. Mtume akamkuta ana huzuni, akamwita kwa kunya yake kama anavyoitwa mtu mzima, akamuuliza habari za kindege chake. Hakumwambia ni ndege tu, atanunuliwa mwingine. Aliingia kwenye huzuni ya mtoto kupitia mlango wa mtoto mwenyewe. Na Bi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere, na farasi wa matambara mwenye mbawa. Mtume alipouliza farasi gani ana mbawa, akajibiwa kuwa farasi wa Nabii Suleiman walikuwa nazo, akacheka. Ndiyo maana wanazuoni wengi wameruhusu wanasesere kwa watoto, ijapokuwa wapo waliozuia, na wenye kuzuia nao tunawaheshimu.

Sasa niseme la wazazi, maana hapa ndipo tunapokosea kwa wema. Tunasema: mpelekeni mtoto kwa mtaalamu. Wataalamu wenyewe wako wangapi? Miaka ya 1960 hukohuko Marekani, mume na mke, Bernard na Louise Guerney, walianza kuwafundisha wazazi wenyewe kufanya hiki kikao cha mchezo na watoto wao. Nusu saa kwa wiki, na vitu vya kuchezea vilivyotengwa kwa ajili ya saa hiyo tu. Mzazi anafundishwa kufuata, na anafundishwa kuweka mpaka pia, kwani si kila kitu ruhusa. Mtoto akitaka kukupiga unamwambia: najua una hasira, lakini mimi si wa kupigwa, mto huu ndio unaweza kuupiga. Ukiitazama, hiyo ni adabu, na bakora haimo.

Mama wa yule mtoto alifundishwa hivyo baada ya eda kuisha. Lakini jamani, nusu saa kwa mjane ni nusu saa ya wapi? Ana mtoto wa kunyonya, anakaanga vitumbua alfajiri auze, na yeye mwenyewe moyo wake bado uko makaburini. Kumwambia mtu wa namna hii "kaa na mwanao umsikilize" bila kumpunguzia kitu, mimi naona ni dhuluma. Kilichosaidia ni jirani mmoja kumchukua mchanga kila Jumamosi, na shangazi kushika jiko. Nyumba zenye msiba mtaani kwenu Ramadhani hii mnazijua. Tunapeleka sahani ya futari, tunapokea dua, tunaondoka. Siku moja mwachie sahani, halafu mbebe na yule mdogo kwa nusu saa.

Na akina baba wenzangu tulioko barazani na simu kuanzia Alasiri mpaka adhana ya Magharibi, tukisema tunapoteza muda wa funga... haya, mmenielewa.

Nisisitize jambo moja: mzazi hageuki kuwa daktari. Mtoto asiyekula, asiyelala, au anayejiumiza, apelekwe hospitali. Dua na kisomo tusome, havigombani na hospitali.

Yule mtoto alizika tena. Wiki nne mfululizo, mama yake akiwa ameketi mkekani pembeni, alifukia kipande cha mti kwenye ndoo ya mchanga, bila neno. Wiki ya tano baada ya kufukia akapika ubwabwa wa mchanga kwenye vifuu, akawapakulia watu wote waliotoka kuzika. Mama alikuja kunieleza mwenyewe, analia na kucheka: "Ustadh, leo wamerudi nyumbani wamekula."

Mimi nilikwenda kumwomba radhi siku ile nyingine. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri. Akanisikiliza kidogo, akaniangalia, kisha akanyanyua upande mmoja wa kijiti chake akaniambia nishike huku, kizito.

Nikashika.

Kesho inshaAllah tutarudi kwenye Zakatul-fitri, maana maswali yenu kuhusu kiwango na wakati wa kutoa yamejaa kwenye simu yangu. Wassalaamu alaykum.