Ahadi ni Deni: Haki ya Msomaji katika Riwaya Pendwa

Utangulizi

Katika taaluma yetu ya uhakiki, msomaji hutajwa mara nyingi lakini husikilizwa kwa nadra. Tunamtaja tunapofafanua nadharia ya upokezi; tunamsahau mara tu anapofungua kinywa na kusema kwamba riwaya fulani imemfurahisha au imemuudhi. Dharau hii huzidi pale riwaya yenyewe inapokuwa ya fasihi pendwa. Makala haya yanauliza swali ambalo, kwa maoni yetu, ni la kimaadili kabla ya kuwa la kifani: je, msomaji wa riwaya pendwa ana haki gani juu ya kitabu anachokisoma, na mhakiki ana wajibu gani mbele ya maoni ya msomaji huyo?

Mifano yetu tumeitoa katika tanzu mbili za riwaya ya Kimarekani zenye wasomaji wengi. Wa kwanza ni utanzu wa riwaya ya mapenzi ya mji mdogo. Katika Virgin River (2007) ya Robyn Carr, Mel Monroe, muuguzi na mkunga aliyefiwa na mumewe, analihama jiji la Los Angeles na kwenda kufanya kazi katika kijiji cha milimani kaskazini mwa California. Huko anakutana na Jack Sheridan, askari wa zamani mwenye baa. Wa pili ni utanzu wa fantasia ya mjini, ambao huwaleta wachawi na viumbe wa ngano katika barabara za jiji la leo. Katika War for the Oaks (1987) ya Emma Bull, mwanamuziki wa Minneapolis anaingizwa katika vita vya viumbe hao. Katika Storm Front (2000) ya Jim Butcher, Harry Dresden ni mchawi wa Chicago ambaye jina lake limo katika kitabu cha simu, kama la fundi bomba yeyote.

Tanzu hizi huonekana kutofautiana kama mchana na usiku. Hata hivyo, zote mbili husimama juu ya mapatano. Msomaji wa riwaya ya mapenzi anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba wapendanao wataungana. Anachosubiri ni kuona kwa gharama gani. Msomaji wa fantasia anakubali kuwapo kwa uchawi, mradi uchawi huo uwe na kanuni, na kanuni zisivunjwe ghafla ili kumwokoa mhusika aliyekwama. Wahenga walisema kuwa ahadi ni deni. Swali ni nani anadai, na anadai nini.

Msomaji kama Shahidi

Mtafiti aliyelichukua swali hili kwa uzito ni Janice Radway, katika kitabu chake Reading the Romance (1984). Badala ya kukisia athari za riwaya za mapenzi kwa kuzisoma peke yake, Radway aliwaendea wasomaji wenyewe: wanawake wa mji mmoja wa Marekani ambao aliupa jina la kubuni la Smithton, waliokuwa wakipata ushauri wa vitabu kutoka kwa muuzaji mmoja wa duka la vitabu. Wanawake 42 walijaza hojaji yake. Walichomweleza kiliwatia aibu wahakiki wengi. Hawakuwa wakimeza kila walichopewa. Waliitofautisha riwaya nzuri na mbaya kwa vigezo vilivyo wazi. Waliwachukia wahusika wa kiume wakatili, na baadhi yao walisoma mwisho wa kitabu kabla ya kukinunua ili wasije wakadanganywa. Zaidi ya hayo, walisema kwamba tendo lenyewe la kusoma lilikuwa fursa yao ya pekee ya kuwa na saa yao wenyewe, mbali na madai ya mume, watoto na jiko.

Mwandishi wa makala haya ana sababu ya kuukumbuka utafiti huo. Katika semina moja ya uzamili, mwanafunzi mmoja alieleza kwamba alisoma riwaya za miji midogo usiku baada ya usiku alipokuwa akimuuguza mamake hospitalini, na kwamba alizichagua kwa sababu alijua zitaishaje. Nilimjibu kwa mzaha kuhusu kasumba na watu wake. Darasa likacheka. Mwanafunzi yule hakusema tena siku hiyo. Nadharia niliyoitegemea inaweza kutetewa; jibu langu haliwezi. Alikuwa ametoa ushahidi kuhusu kazi ambayo kitabu kilimfanyia, nami nikautupa kabla ya kuupima.

Tunapoitafuta sababu ya kumsikiliza msomaji wa aina hii, tunaipata mahali ambapo pengine hatukuitarajia. David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kipimo cha ladha, alimtaka hakimu wa sanaa awe na akili timamu, hisia zilizonolewa, mazoezi, uwezo wa kulinganisha, na moyo usio na chuki wala upendeleo. Kwa masharti ya mazoezi na ulinganishaji, msomaji aliyemaliza mamia ya riwaya za mapenzi anamshinda kwa mbali profesa aliyesoma moja tu, tena harakaharaka, ili apate cha kukejeli. Sharti la mwisho linatuhukumu sisi. Lakini, kama tutakavyoona, linamhukumu yeye pia.

Ahadi na Matamanio

Mfano unaozikutanisha tanzu zetu mbili ni mfululizo wa Charlaine Harris ulioanza na Dead Until Dark (2001). Mhusika mkuu, Sookie Stackhouse, ni mhudumu wa baa katika mji mdogo wa kubuni wa Bon Temps, jimboni Louisiana, ambako wanyonya damu wamejitokeza hadharani baada ya kubuniwa kwa damu ya kutengenezwa. Riwaya ya 13 na ya mwisho, Dead Ever After, ilitoka mwaka 2013. Ndani yake Sookie hampati Eric, mnyonya damu aliyependwa na wasomaji wengi. Anabaki na Sam, mwenye baa anamofanya kazi. Wasomaji wengi walikasirika, wakasema wamesalitiwa.

Je, walisalitiwa? Hapa yafaa tutofautishe madai ya aina tatu. La kwanza ni dai linalotokana na utanzu: mwandishi anayekiuza kitabu chake kama riwaya ya mapenzi amekwisha kuahidi muungano. La pili ni dai linalotokana na matini yenyewe: ikiwa masimulizi yamejenga kanuni au tabia fulani, hayana ruhusa ya kuibomoa bila sababu. La tatu si dai bali ni tamaa: msomaji amempenda mhusika na anataka ampate. Kwa mizani hii, malalamiko juu ya Harris yana uzito tofauti na ule ambao walalamikaji waliudhani. Mfululizo wake uliuzwa kama riwaya za mafumbo na upelelezi, na Sookie anaonyeshwa tangu mwanzo kama mtu anayeipenda nyumba yake, jua na mji wake. Kumrudisha kwa Sam hakukuvunja ahadi ya utanzu wala ya matini. Kulivunja matumaini. Matumaini yakivunjika huuma, lakini hayamfanyi mwandishi kuwa mdeni.

Mhakiki asiyewasikiliza wasomaji hawezi kuufanya upambanuzi huu, kwa kuwa kwake hasira yote ni kelele moja. Wala asidhani kwamba wasomaji hupenda bila kuona. Wapo wasomaji wa Butcher wanaozifurahia hadithi za Dresden na papo hapo kulalamikia jinsi jicho la msimulizi linavyokawia juu ya miili ya wanawake. Hao wanapenda na kukosoa kwa pumzi moja. Huo ni uhakiki, hata kama hauna tanbihi.

Deni kwa Asiyekuwapo

Hata hivyo, hatutaki kumvika msomaji taji tulilomvua mhakiki. Aristotle aliona zamani kwamba washairi huweza kuandika kwa kufuata matakwa ya hadhira, na kwamba mwisho unaowapa wema na wabaya ijara yao husifiwa kutokana na udhaifu wa watazamaji. Radway naye, pamoja na heshima yake kwa wanawake wa Smithton, aliingiwa na shaka kwamba saa ile ya faraja iliwarejesha katika utaratibu uleule uliowachosha.

Tatizo la kina zaidi, tunavyoona, ni hili: mapatano baina ya watu wawili hayawezi kuhalalisha dhuluma kwa mtu wa tatu. Mji mdogo wa riwaya ya mapenzi hutuliza kwa sababu kila mtu anamjua mwenzake. Lakini mji ambamo kila mtu anajulikana ni mji ambamo kila mtu anachunguzwa. Na faraja ya wanaopokewa huweza kulipiwa na wale wasiotajwa kabisa. Mwandishi anaweza kuilipa ahadi yake kwa msomaji hadi senti ya mwisho, na bado akawa na deni kwa asiyekuwapo kitabuni. Dai hilo msomaji aliyeridhika si rahisi kulitoa. Ni kazi ya mhakiki.

Hitimisho

Suala hili si la Wamarekani peke yao. Riwaya za mapenzi kutoka ng'ambo zimeuzwa kwa miaka mingi katika vibanda vya vitabu vikuukuu barabarani Nairobi, na kazi za David Maillu kama After 4.30 (1974) zilizua mjadala ambamo wasomaji walisemewa kuliko walivyosema. Tuliwatetea dhidi ya vitabu walivyovinunua kwa fedha zao, bila kuwauliza waliviona vipi.

Msimamo wetu ni kwamba maoni ya msomaji ni ushahidi, si hukumu. Shahidi hudodoswa, na pengine hukosolewa. Lakini hakimu anayemcheka kabla hajamaliza kusema amejiondolea mamlaka ya kuhukumu. Iwapo mwanafunzi yule angesimama tena leo, ningemwuliza kwanza: kitabu kilikuahidi nini, na kilikulipa? Kisha, pamoja naye, ningeuliza ni nani mwingine aliyekuwa akikidai.